Kupeleka Waya Kween: Safari ya Fundi Kutoka Jinja Hadi Mlima Elgon

Jumapili, Jinja

Vifaa vyote vimenunuliwa na kufungwa: waya wa taa, waya mnene wa soketi, holda, swichi, sakiti breka, fimbo ya shaba ya athi, na redi-bodi moja kwa ajili ya nyumba ya udongo ya nyanya yangu. Nimenunua hapa Jinja kwa makusudi, maana kule mlimani bei ya kila msumari imeshabeba nauli. Mjomba amekuwa akinipigia simu tangu nguzo zifike kijijini kwao, wilaya ya Kween. Laini ina moto tayari, anasema, na nyumba yake haitafungwa waya na mtu baki wakati mpwa wake ni fundi mwenye kibali. Kibali hicho kina kazi. Fundi aliyesajiliwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme asipotia saini kwamba nyumba imefungwa salama, hakuna atakayekuja kuweka mita.

Nimekulia Walukuba, mtaa wa wafanyakazi wa viwanda vya Jinja. Mama yangu ni Msabiny, mtu wa huko Kween; majirani walikuwa Waluo, Wasamia, Wasoga na Waacholi, na Kiswahili ndicho kilichotulea sote uani. Viwanda vyenyewe vililifuata bwawa. Malkia Elizabeth wa Pili alifungua bwawa la Owen Falls tarehe 29 Aprili 1954. Leo linaitwa Nalubaale. Umeme wake ulikwenda viwandani, ukaenda Kampala, na kabla miaka ya 1950 haijaisha ulikuwa umeshavuka mpaka kuingia Kenya. Mkulima wa Busoga aliyepalilia mahindi chini ya nyaya hizo alirudi nyumbani kuwasha koroboi. Mwaka 2001 serikali ilipoandika mpango wake wa umeme vijijini, ni takriban nyumba 1 tu katika kila 100 za vijijini iliyokuwa na umeme, na lengo lilikuwa kufikia 10 katika 100. Huo ni karibu nusu karne baada ya bwawa. Nalisema hili mapema kwa sababu nimesikia watu wa mjini wakieleza giza la vijijini kana kwamba wakulima wenyewe hawakuutaka umeme. Waliutaka. Laini haikuelekezwa kwao.

Jumatatu, barabara ya Tirinyi

Tumeondoka asubuhi. Baada ya Jinja tu kuna Kakira, miwa pande zote mbili za barabara. Makapi ya miwa huchomwa kiwandani na kuzalisha umeme ambao sehemu yake huuzwa kwenye gridi ya taifa. Wakulima wa nje wanaopeleka miwa pale nao wana mkono katika umeme huo, na wapo kati yao ambao hadi leo hawajaonja hata balbu moja.

Nakalama tukaingia barabara ya Tirinyi. Nilikaa dirishani, na kwa jicho la fundi jambo moja lilijirudia njia nzima. Kwenye kila senta ya biashara, maduka yaliyo kando ya barabara yana mita: kinyozi, saluni, mtu wa kuchomelea vyuma, duka lenye friji ya soda. Ukitupa macho nyuma, hatua mia mbili au tatu, katikati ya mihogo na mahindi, kuna nyumba ya mkulima, nayo haina waya. Nyumba ya mkulima hukaa shambani kwake, mbali na barabara, na laini hufuata barabara. Sera ya mwaka 2018 ilisema serikali itagharimia kuunganisha nyumba isiyohitaji nguzo au inayohitaji nguzo moja. Mwenye duka hahitaji nguzo hata moja. Mwenye shamba anahitaji mbili, tatu, na juu ya hapo alipie waya wa ndani na ukaguzi. Kwa hiyo sera iliyokusudiwa maskini ilianza kumfikia mwenye duka.

Mzee aliyekaa kando yangu alishuka Budaka. Ana mikaratusi shambani na ameshauza miti kwa watu wanaoitengeneza kuwa nguzo, zile zinazotiwa dawa hadi zinakuwa na rangi ya kijani. Nyumbani ana sola ndogo. Inawasha taa tatu na kuchaji simu, na anaishukuru. "Lakini haisagi," aliniambia. Nimelala Mbale.

Jumanne, Mbale hadi Sipi

Mbale ni mji wa kahawa. Chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa Bugisu kilianzishwa mwaka 1954, mwaka uleule wa bwawa. Nimewaza hilo njiani tukipita Sironko na kuanza kupanda.

Karibu na Sipi nimefikia kwa rafiki tuliyesoma naye ufundi. Huu ni msimu wa kuchuma, na usiku huu nimeona kazi ambayo wanywaji wa kahawa hawaijui. Kahawa ya hapa, aina ya arabika, humenywa siku ileile inapochumwa. Ikilala na ganda lake nyekundu huanza kuchacha, na ladha yake huharibika, na bei nayo. Watu huchuma mchana kutwa, kwa hiyo kumenya huangukia usiku. Zamani mtu mmoja alizungusha mpini wa mashine, mwingine akamwagia maji, na mtoto akashika koroboi karibu na mdomo wa mashine ili wazazi waone punje zinazopita bila kumenyeka. Rafiki yangu alikuwa mtoto huyo. Ana kovu la mafuta ya taa mkononi.

Sasa kuna balbu juu ya mashine na mota ndogo imefungwa mkanda kwenye gurudumu lake. Mke wake anamimina, yeye anatoa maganda kwa koleo, watoto wako ndani na vitabu vyao. Walimaliza saa tatu usiku. Nilimuuliza ilikuwaje kabla ya mota. Akasema msimu ukipamba moto walikuwa wakigusa saa saba za usiku, na saa kumi na mbili asubuhi wako tena mashambani.

Jumatano, Kapchorwa hadi Kween

Lami ya Kapchorwa hadi Suam, kilomita 73, imefanya safari iliyokuwa ya kutwa nzima ya matope iwe ya muda mfupi. Nimeshuka mapema mchana, boda boda mbili zikabeba vifaa, na nyumbani wamenipokea kwa mursik, maziwa mgando ya huku, na maneno mengi. Huku watu huongea Kiswahili kwa urahisi, mpaka wa Kenya uko karibu na mahindi yao huuzwa huko.

Jioni tumekaa kupanga, na hapa nataka kuandika kwa kirefu, kwa sababu kikao hiki nimekiona katika nyumba nyingi na mara nyingi huisha vibaya.

Fundi huuliza: taa ziwe wapi, soketi ziwe wapi? Pesa huwa haitoshi kila mahali, basi mwenye nyumba huchagua. Mjomba alichagua haraka: taa mbili sebuleni, moja chumbani, moja barazani, soketi ya runinga, soketi ya simu. Alionyesha kila mahali kwa kidole. Jiko halikutajwa. Jiko lao liko nje, kibanda cha mabati cheusi kwa moshi, hatua kama ishirini kutoka nyumba kubwa.

Mkaza mjomba alikuwa mlangoni na sufuria mkononi. Alisubiri mumewe amalize, kisha akaniambia mimi, kwa upole kabisa, "Mwanangu, mimi naamka saa kumi na moja alfajiri. Saa hiyo sebuleni hakuna mtu."

Mjomba akasema mgeni akija ataona nyumba ina umeme. Mkaza mjomba hakubishana naye. Alieleza tu siku yake: moto, chai, kukamua, kurudi kuosha mikebe, kuandaa watoto, yote kabla jua halijatoka; na jioni kupika, kukamua tena, kuosha vyombo, yote baada ya jua kuzama. Saa zake za kazi zilizo gizani ni nyingi kuliko za mtu yeyote katika boma lile, na mpango wa mjomba haukuwa na taa hata moja mahali anapozitumia.

Nyanya naye akaomba taa ya nje upande wa zizi. Yeye ameishi miaka ya wizi wa mifugo, wakati familia nzima za huku Sebei zilikimbia mashamba ya bondeni kwa sababu ya wavamizi. Binti wa mjomba, aliye darasa la sita na mwakani ana mtihani wa kumaliza shule ya msingi, hakuomba chochote, lakini alikuwa anasikiliza kwa makini sana.

Nimefunga waya kwa miaka mingi na nina msimamo kuhusu jambo hili, kwa hiyo nilimwambia mjomba wazi. Taa moja ya sebuleni iende jikoni. Ya barazani isogezwe pembeni mwa nyumba, imulike baraza na zizi kwa pamoja. Waya wa kwenda jikoni nimeununua tayari, nilijua. Kuhusu bili, tulipiga hesabu karatasini. Taa nne za wati 9, zikiwaka kwa muda wa saa tano kila usiku, hazifikishi yuniti 6 kwa mwezi, na yuniti 15 za kwanza za mwezi zimekuwa zikiuzwa kwa bei nafuu ya shilingi 250 kila moja. Mafuta ya koroboi aliyonunua mwezi uliopita yalizidi hapo, na mjomba mwenyewe ndiye aliyetaja bei yake.

Alikaa kimya, akamtazama mkewe, akasema, "Basi iende jikoni."

Alhamisi, Kween

Kazi kutwa. Kuta za matofali ya kuchoma hazisumbui. Nyumba ya nyanya ni ya udongo, na huko redi-bodi ndiyo dawa: ni ubao mmoja wenye sakiti breka, soketi na mahali pa taa, tayari umeunganishwa, unapigiliwa ukutani bila kupasua nyumba. Imeokoa wazee wengi waliokuwa wakiambiwa nyumba yao haifai.

Jikoni nimechukua muda mrefu. Moshi wa kuni hujenga masizi ndani ya holda, na joto la meko huua waya ukipita juu yake. Nimepitisha waya ndani ya bomba, nikaweka taa yenye kifuniko upande wa mlango, ambapo inamulika meko na meza ya kuoshea mikebe bila kukaa juu ya moto. Watapika kwa kuni kama kawaida, na hilo halitabadilika upesi. Wapikaji kwa umeme hapa ni wa kuhesabika. Lakini mkaza mjomba ataona ndani ya sufuria yake, ataona kama mkebe umetakata, na hatahitaji kushika tochi ya simu kwa meno.

Binti alinipa misumari siku nzima. Aliniuliza athi ni ya nini. Nilichimba shimo mbele yake, tukapiga fimbo ya shaba ardhini, nikamweleza kwamba umeme ukipotea njia, uende kwenye udongo badala ya kupita kwa mtu. Alirudia maelezo hayo kwa nyanya kwa Kikupsabiny, kwa usahihi kuliko nilivyoyatoa.

Ijumaa, senta ya juu na senta ya chini

Mvua asubuhi. Mchana nimeenda na mkaza mjomba kusaga mahindi, nusu gunia kwenye boda boda.

Kinu cha senta ya juu kinaendeshwa kwa dizeli, ingawa transfoma iko ng'ambo ya barabara. Mwenye kinu alinionyesha sababu kwa uchungu: laini iliyoletwa ni ya fezi moja. Inatosha taa, friji na kinyozi. Mota kubwa ya kukoboa na kusaga inataka fezi tatu. Kwa hiyo tulisubiri. Mwenye injini ya dizeli hawezi kuiwasha kwa ajili ya debe moja, atakula hasara. Anangoja foleni ikusanyike ndipo apige mpini. Wanawake kumi na wasichana wao walikuwa wamekaa kwenye magunia. Tulifika saa saba na tukaondoka karibu saa kumi na moja.

Senta ya chini, kwenye lami, ina fezi tatu, na tofauti yake niliiona kwa macho. Msichana alikuja na debe kichwani, kijana akabonyeza swichi, mahindi yakakobolewa, yakasagwa, pumba zikafungwa kando kwa ajili ya ng'ombe, msichana akaondoka. Sikumaliza chai yangu. Mota haingoji foleni, na hapo ndipo umeme unapomrudishia mwanamke mchana wake. Sielewi kwa nini wapangaji wa laini huhesabu nyumba zilizounganishwa na kusahau kuhesabu vinu.

Senta hiyohiyo ina tanki la kupozea maziwa. Nimesimama pale jioni, saa ya foleni. Kijana wa mapokezi anamimina maziwa kwenye chombo kirefu, anatumbukiza laktomita, anainama kusoma: ikizama kupita kiasi, maji yameongezwa, na mkebe unarudishwa mbele ya watu wote. Yaliyopita yanaingia kwenye tanki la chuma linaloyakoroga polepole na kuyashusha joto hadi nyuzi 4. Kabla ya tanki, maziwa ya asubuhi yaliuzwa na ya jioni hayakuwa na soko, kwani hayangefika asubuhi yakiwa mazima. Yalinywewa, yakagandishwa, mengine wakapewa ndama. Sasa mkamuo wa jioni ni pesa.

Pesa ya nani? Nimeuliza. Kwa desturi ya nyumba nyingi hapa, maziwa ya jioni yalikuwa ya mama, ndiyo aliyolishia watoto na kugawia jirani. Tangu yapate bei, malipo hulipwa kwa jina la mwanachama, na mwanachama mara nyingi ni mume. Mkaza mjomba aliniambia kwamba wanawake kadhaa wameanza kujiandikisha kwa majina yao na kulipwa kwenye simu zao. Yeye amejiandikisha.

Jumamosi, kwa jirani wa bondeni

Mjomba alitaka nione nyumba iliyokaa na umeme miaka kadhaa, nami nilitaka pia.

Baba wa nyumba ana mashine ya kuangulia vifaranga. Mayai hukaa siku 21, joto likiyumba saa chache mwishoni, trei nzima inaharibika. Umeme ulikatika wiki fulani na akapoteza mayai yote; tangu hapo ana betri ya akiba. Vifaranga hao ndio wanaolipa karo. Ana pia mashine ya kukatakata majani ya ng'ombe, kazi iliyokuwa ya panga na ya wavulana kila jioni. Wavulana sasa wanakwenda kwenye banda la video senta, jambo ambalo mama yao halipendi kabisa, na mimi namuunga mkono.

Kuhusu mama huyo, ana mwanga kila mahali, jiko likiwamo. Nilimuuliza amepumzika kiasi gani. Alifikiri, akasema siku yake imerefuka. Zamani giza lilifunga kazi. Sasa anapiga pasi sare saa nne za usiku, anachambua maharage, anashona. Pesa imeongezeka na usingizi umepungua. Hakulalamika, wala hakutaka kurudi kwenye koroboi. Alitaka binti zake na wanawe wagawane kazi za usiku, na ameanza kulisimamia hilo: kijana wa pili ndiye anayepiga pasi siku hizi.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo halionekani haraka. Watoto watatu wa nyumba ile walikuwa wakikohoa kila msimu wa mvua, madirisha yakifungwa na koroboi ikiwaka hadi usiku. Mama anasema sasa kikohozi hicho hakisikiki sana, isipokuwa kwa mdogo, anayependa kukaa naye jikoni kwenye moshi wa kuni.

Jumapili, Kween

Nimepima nyumba nzima kwa mita yangu: waya haujagusana popote, athi inasoma vizuri. Fomu nimeitia saini na kuigonga muhuri. Mjomba ataipeleka ofisini kesho, kisha mkaguzi, kisha mita. Nyumba yake iko nguzo moja kutoka kwenye laini, sina wasiwasi sana.

Baada ya ibada watu wamekuja kuangalia, na wanawake wamekwenda moja kwa moja jikoni. Wawili wamerudi na waume zao. Mmoja ana taa nne tangu mwaka juzi, zote ndani ya nyumba kubwa, na sasa anataka kujua waya wa kufika jikoni ni mita ngapi na shilingi ngapi. Nimewapimia kwa hatua na kuwaandikia.

Mwenye kinu naye alikuja, pamoja na mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, na mweka hazina wa kikundi cha maziwa. Wanaandika barua kuomba laini ya fezi tatu ifike senta ya juu, na walitaka maneno ya fundi. Tumekaa mezani kwa mjomba tukaandika kinu kinahitaji mota ya nguvu gani, tanki la maziwa la pili litahitaji nini, mashine za kumenya kahawa ni ngapi na ziko wapi, na ni umbali gani kutoka transfoma ya chini hadi kinuni. Mkaza mjomba aliomba iongezwe idadi ya wanawake waliongoja Ijumaa na saa walizongoja. Mwenyekiti alisita kidogo, akauliza kama ofisi inahitaji habari hiyo.

"Iandike," mjomba akamwambia.

Imeandikwa aya ya pili, juu ya hesabu ya mota. Barua inakwenda wilayani Jumanne, na mimi narudi Jinja kesho alfajiri kununua waya zaidi wa majiko.